Sikiwambi Kitanda cha Mama

Mwabungo, 9 Februari 2024

Dada Twaiba,

Mwanatumu amekufa. Jumanne, saa moja asubuhi. Tumemzika siku ile ile baada ya alasiri.

Shikamoo. Sikuanza na shikamoo kwa sababu ungedhani ni barua ya heri.

Binti yetu Fauzia alikuja kutoka Ramisi na watoto, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Jana wamerudi kwao. Watu wa hapa wamenisaidia. Kaburi walichimba wao. Mimi kila siku nachimba misingi ya majumba ya watu kule Diani, siku ile wakaninyima jembe. Sawa.

Nilikungoja. Saa mbili nilimpigia simu Ubeid wa samaki, huko Vanga, naye akaapa kwamba amekuandikia kwenye karatasi akakupa mkononi. Imamu alitaka tuzike adhuhuri. Nikamwambia tungoje, dada yangu yuko njiani kutoka Vanga. Tukangoja mpaka alasiri. Hukuja. Mtu mmoja akaniuliza, marehemu hana wifi?

Nataka kujua sababu. Si kwa ubaya.

Jambo jingine. Alioshewa juu ya kitanda cha mama, kama alivyooshewa mama, kama alivyooshewa bibi. Kamba zililegezwa ili maji yapite. Wanawake walipomwinua, kitanda kikalia. Baadaye nikakitazama. Ule mti mrefu wa ubavuni, mfumbati wa kushoto, umepasuka kutoka kati mpaka mguuni, karibu na tendegu. Kamba zimelowa na kulegea zote. Nimekiegemeza ukutani nje. Kila apitaye ana lake. Mmoja kasema hizo ni kuni. Mwingine kasema si vyema mwanamume kulalia alipooshewa mkewe. Nikamwambia mimi nimezaliwa juu ya hicho kitanda, na bibi alikuwa ameoshewa hapo mwaka mmoja kabla. Akaondoka.

Nalala chini kwa mkeka.

Naandika kwa sababu simu husikii. Ubeid akimaliza kuuza samaki wake atakuletea. Nijibu.

Mdogo wako,
Boga


Vanga, 25 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Boga,

Marahaba. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amghufirie Mwanatumu na amfanyie wasaa huko aliko. Alikuwa wifi yangu miaka ishirini na saba na tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi ilikuwa yangu. Nimemlilia peke yangu chumbani. Usidhani sikumlilia.

Huku hatujambo. Sumaiya, mke wa mwanangu, amejifungua mtoto wa kike, mdogo kama dagaa lakini ana sauti ya muadhini. Wanasema, maana mimi siisikii, naona mdomo tu. Seifu yuko melini bado, hajamwona mwanawe. Kuku wangu wawili wameliwa na fungo.

Sikuja kuzika kwa sababu gari sikupata. Ndiyo hivyo. Usinitie moyoni.

Sasa kitanda. Boga, sikiliza. Ukikitupa kitanda cha mama, usikanyage kwangu. Huyo aliyesema kuni mwambie akachome miguu yake. Mfumbati ukipasuka hutengenezwa. Ule wa kulia nao si wa asili, baba aliutia mwaka ule wa mvua kubwa, na hukujua mpaka leo nilipokuambia. Tafuta fundi mtu mzima, si hawa wa kupiga misumari. Kamba zote toa. Nunua miyaa mipya, sokota kamba, kisha uiloweke siku mbili kabla ya kuwamba. Kamba kavu usiivute, itakukatikia ukiwa katikati, uanze upya. Anza upande wa kichwani. Mama alikuwa akianza na Bismillahi na akimaliza hukaa juu yake, akajirusha mara tatu, kisha husema, haya, kinabeba.

Ukimaliza niletee huku. Ubeid ana pikapu, atakifunga juu. Nakitaka mimi. Godoro langu limekuwa bonde, na mgongo wangu hautaki mabonde. Kifanye upesi, upate kukileta kabla ya Idi.

Mimi mzima. Mgongo tu.

Dada yako,
Twaiba


Mwabungo, 17 Machi 2024

Dada Twaiba,

Shikamoo. Ramadhani njema. Nimefunga zote sita mpaka leo, na kazi ni ya kubeba mawe. Juzi nilikaa chini kabla ya alasiri. Msimamizi wetu Hesbon, mtu wa bara, akaniambia kaa kivulini mzee, leo wewe hesabu mifuko ya simiti. Si mbaya, ila mdomo.

Hongera kwa mjukuu. Fauzia hajambo.

Pale tunapojenga wanavunja nyumba nzima. Milango inatupwa. Vitanda vinatupwa. Hesbon akaniambia, "Mzee Boga, beba hii kitanda ya hapa na godoro yake, hiyo yako ya kamba ni ya kufungia ng'ombe." Nikabeba kwa tuktuk. Nikalala siku mbili. Godoro lina springi ndani, linakumeza mpaka kiunoni, halafu linakusukuma. Siku ya tatu nikalirudisha. Hesbon akacheka mbele ya watu wote. "Muone huyu! Amekataa kitanda ya mzungu!" Nikamwambia kitanda chako kina njaa.

Cha mama nimekianza. Kamba za zamani nimezitoa zote. Nimempata Ngala, seremala wa Gazi, mtu mzima. Aliupapasa mti akauliza, hiki mmekipata wapi? Nikamwambia nimekikuta. Akasema mti huu leo hauuzwi. Hakutaka kubadilisha mfumbati. Amechonga kipande kama kabari, amekitia ndani ya ufa, akakigonga kidogo kidogo mpaka kikashika. Msumari hakutia. Anasema msumari ukinywa maji unaozesha mti. Sasa umeshika. Nimekanyaga juu yake, haukulia.

Miyaa nimenunua. Nasokota Ijumaa nikitoka kazini. Vidole vimesahau, vinakumbuka polepole.

Dada, nina swali. Unasema gari hukupata. Nilimuuliza Ubeid. Ubeid anasema siku ile alikupandisha gari yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kikapu chako akakiweka miguuni pako.

Na anasema kitu kingine. Anasema unakaa upande. Unaegemea kulia kila ukikaa, na mkono wa kushoto hauinui.

Mwanatumu alianza hivyo.

Unaumwa? Jibu ndiyo au la.

Boga


Vanga, 31 Machi 2024

Kwa mdogo wangu,

Marahaba, na swaumu yako ikubaliwe.

Mwambie Ubeid achunge papa wake na ng'onda wake. Mwanamume mzima kazi yake kutazama wanawake wanakaaje! Nikikaa kulia ataandika, nikikaa kushoto ataandika. Kesho atakuambia nimepiga chafya. Na barua hii ataibeba yeye, na akiifungua ajue nimemwandika. Ubeid, nimekuona.

Huku mtoto anaendelea, wamempa jina la bibi yake mzaa mama, Kibibi. Nilidhani watampa langu. Basi. Bei ya unga imepanda na nazi zimekuwa ndogo. Sumaiya ananipikia uji wa futari, hautii sukari ya kutosha, lakini ni binti mwema, na hana nafasi ya kupumua na huyo mtoto. Simsumbui na mambo yangu.

Umefanya vizuri kumpata Ngala. Seremala anayeuliza mti umetoka wapi ndiye seremala. Umefanya vizuri kurudisha lile dude la kumeza watu.

Lakini mbona hujaniambia kamba imefika wapi? Idi ni siku kumi zijazo. Unasokota Ijumaa tu? Sokota na Jumapili. Boga, usikivute kitanda hiki kama ulivyolivuta paa la nyumba yako mwaka jana. Mimi nakingoja. Nimekwisha kupasafisha mahali pake, pale chini ya dirisha, nimetoa na sanduku.

Swali lako nimelisoma.

Mimi mzima.

Twaiba


Mwabungo, 21 Aprili 2024

Dada Twaiba,

Shikamoo. Idi imepita. Nilikwenda kuswali, nikaja kukaa. Fauzia aliniletea biriani kwenye kile chombo cha Mwanatumu chenye kifuniko. Kifuniko kina ufa, nilikiziba mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikala.

Kitanda hakijaisha. Naandika ukweli. Kilikuwa kimefika nusu. Nikakifungua.

Nitakuambia kwa nini. Nilikuwa nawamba, kamba inapita vizuri, mikono imekumbuka. Nikakumbuka na kitu kingine. Kitanda hiki mama alimwazima shangazi Mbodze kikakaa kwake miaka minne. Mama hakukiulizia. Halafu siku moja akaniagiza, nenda kwa shangazi yako kaniletee kitanda changu. Akaniambia kiwambe, mgongo unaniuma. Nikakiwamba. Akakaa juu, akajirusha mara tatu, akasema kinabeba. Miezi miwili baadaye akaoshewa hapo.

Januari hii Mwanatumu aliniambia, Boga, kaza kamba za kitanda, zimelegea. Nikazikaza. Nikafurahi. Nikasema mgonjwa anataka kulala vizuri, basi atapona. Yeye hakuwa anataka kulala. Alikuwa anapanga. Hakutaka kuoshewa juu ya kitanda cha kuazima.

Sasa wewe unaniandikia mgongo. Umesafisha na mahali.

Safari hii siwambi.

Wiki iliyopita walikuja watu wa juu huko, wamefiwa na bibi yao. Unajua kitanda hiki huazimwa na kijiji kizima. Nikawaambia kimevunjika. Wakatazama. Mfumbati mzima, kamba zimekunjwa pembeni. Mwanasha yule jirani akasema mbele yangu, "Makubwa! Boga amekuwa mchoyo hata wa kitanda cha maiti. Utakula nacho?" Wakaenda kutafuta kwengine. Nilikuwa nimekosea, najua. Maiti hawekwi kungoja. Lakini nilikuwa nikikitazama kitanda na naona wewe.

Nenda hospitali ya Msambweni. Wakuone. Daktari akuandikie karatasi. Niletee hiyo karatasi niisome mimi. Siku nitakayoishika mkononi ndiyo siku nitakayowamba. Kabla ya hapo kitabaki miti minne.

Umesema nisikanyage kwako kikitupwa. Sikukitupa.

Boga


Vanga, 2 Juni 2024

Boga,

Barua yako ilikaa kwa Ubeid wiki tano. Mvua ilikata njia, pikapu yake ikazama mpaka milango, na yeye mwenyewe alipata homa. Nilikuwa nikidhani umekasirika. Kumbe ulikasirika kweli.

Nimeisoma mara nyingi.

Wewe ni mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni, nimekuosha, umenikojolea. Leo unaniwekea masharti kama mume. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuthubutu.

Sasa nisemeje? Umesema ndiyo au la. Ni ziwa, Boga. Haya, nimeandika. Mwanamke atamwambiaje nduguye wa kiume habari ya ziwa? Kwa mdomo nisingeweza hata ungenifunga. La kushoto, hapa kifuani. Lilianza mwaka jana baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kitu kigumu, hakiumi. Sasa kuna kingine kwapani, na ngozi imefunguka, inatoa maji. Najifunga kitambaa ndani. Sumaiya anadhani ni jipu.

Siku ya maziko nilipanda gari. Ubeid hakusema uongo. Nilifika Lunga Lunga. Gari lilitupatupa sana, kitambaa kikalowa, kikatoka mpaka kwenye buibui, na harufu. Kijana mmoja akasogea kando. Mwanamke aliyekaa nami akafungua dirisha. Nikaona, nitaingiaje hivi katika nyumba ya msiba, watu wanikumbatie? Nikateremka. Nikarudi kwa miguu mpaka nilipopata pikipiki. Mwanatumu alizikwa bila wifi. Nilijua mtangoja. Hilo limeniuma kuliko ziwa.

Unataka niende hospitali. Mwanatumu hakwenda? Alikwenda. Amekufa. Mimi sikwenda, ningali hai nakuandikia. Basi niambie wewe mwenye masharti, tofauti iko wapi?

Niletee kitanda. Sitaki kuoshewa juu ya meza ya mtu.

Twaiba


Mwabungo, 7 Juni 2024

Dada Twaiba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Umeuliza tofauti iko wapi. Nitakuambia. Sijamwambia mtu, hata Fauzia.

Mwezi wa nne mwaka jana nilikuwa juu ya paa nabadilisha makuti. Mwanatumu akaja chini akaniita. Akasema ameona kitu ziwani, kama punje ya hindi. Nikamwambia kitaisha, paka mafuta ya mbarika. Nilisema nikiwa juu. Sikushuka.

Mwezi wa saba kikawa kama ndimu. Nikasema tungoje mvua ipite, tumalize paa. Paa lilikwisha. Ni zuri, halivuji. Mimi kila kitu cha nyumba hii nimekitengeneza. Mlango, birika, kigoda, kinu kilichopasuka nimekitia pete. Watu wananisifu kwa hilo. Mwanatumu alikuwa akinisifu.

Mwezi wa kumi na moja ndipo tukaenda. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, mliona lini? Nikasema mwezi wa tisa. Nilidanganya. Mwanatumu alikuwa amekaa hapo hapo. Alinitazama, hakusema neno. Daktari akasema kimeshafika kwenye ini. Tukitoka nje Mwanatumu akaniambia, hukumbuki vizuri. Basi. Hakulirudia tena mpaka alipokufa.

Tofauti ni hiyo. Alikwenda, lakini alikwenda kwa siku zangu.

Wewe hujui chako kimefika wapi. Mimi sijui. Ubeid hajui. Yuko mtu mmoja anayeweza kujua, naye yuko Msambweni.

Alhamisi tarehe kumi na tatu nakuja. Nimemwambia Hesbon. Amesema nafasi yangu ataishika siku moja, mbili hawezi, watu wamejaa getini wanangoja kuitwa. Nakuja na gari la alfajiri. Nitakuwa Vanga kabla ya saa nne. Funga vitambaa vingi. Vaa buibui lolote. Mimi nitakaa upande wa dirisha, lifunguliwe mpaka mwisho, na asogee anayetaka kusogea.

Kitanda siji nacho.

Boga


Vanga, 10 Juni 2024

Boga,

Nimemzuia Ubeid kwenye gari mpaka niandike hii.

Ile barua yako nimeichana, asije akaisoma mtu. Sitasema kitu juu yake. Mwanatumu alinyamaza, na mimi nanyamaza.

Usije. Utapoteza kazi. Mzee wa umri wako akitoka getini harudishwi.

Ukija, njoo umekula, maana hapa Sumaiya atataka kupika na tutachelewa.

Twaiba


Msambweni, Wadi ya Wanawake, 5 Julai 2024

Kwa Boga,

Nimeazima kalamu kwa mwuguzi. Sasa ni siku ya tatu nimelazwa. Majibu ya kile kipande walichokata siku ile uliyonileta yamekuja. Daktari ni msichana tu, lakini ameniandikia kila kitu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa hiyo nampenda. Anasema ndio wenyewe, ugonjwa ule wa Mwanatumu. Anasema kwenye ini hawajakiona, wala mapafu. Anasema waliondoe ziwa lote na vile vya kwapani, halafu kuna dawa za Mombasa, kila wiki tatu, miezi mingi. Hakuniahidi kitu. Nilimtazama usoni nione kama ananificha, hakugeuza macho.

Karatasi ya kukubali imekaa hapa juu ya kabati. Sijatia sahihi. Nilitaka nizikwe mzima. Unaelewa? Mama alizikwa mzima, bibi alizikwa mzima. Wakiniosha wataniona. Wanawake watasimulia.

Mwanamke wa kitanda cha pili, Mkamba wa Kinango, amekatwa wiki iliyopita. Jana alifungua kanga akanionyesha, hivi hivi, bila haya. Kisha akala mandazi manne.

Sijui. Njoo kesho, Jumamosi.

Twaiba


Mwabungo, 7 Julai 2024

Dada Twaiba,

Shikamoo. Nimerudi salama jana. Naandika hii na Ubeid ataipitisha asubuhi, kwa sababu jana pale wadini sikuweza kusema. Husikii. Siwezi kukupigia kelele habari za ziwa mbele ya wadi nzima. Nilionyesha kwa mikono, yule Mkamba akacheka mpaka akashika mshono. Sirudii.

Nilikuona ukitia sahihi. Ulitia kwa hasira, karatasi ikatoboka. Mwuguzi amesema hata hivyo inafaa.

Umeandika wanawake watasimulia. Wasimulie. Mwanatumu alizikwa mzima, hakuna alichopungukiwa. Nimezika mtu mzima mwenye kila kiungo. Sitaki tena.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema.

Habari za kitanda. Nilikuahidi kwamba nikishika karatasi nitawamba. Ile ya kwanza ya Msambweni niliishika tarehe kumi na tatu, ile uliyokataa kuitazama. Nikaanza siku ile ile. Kimekwisha. Sikukuambia. Nilikuwa bado nakiogopa. Nilikiweka ndani, mimi nikalala kwenye mkeka, tunatazamana.

Jumatatu iliyopita mzee Chome alikufa. Wanawe walisimama mlangoni kwa mbali, wameshasikia mimi ni mchoyo. Hawakuomba. Nikakitoa mwenyewe, nikawasaidia kubeba. Mwanasha alikuwepo. Akasema, "Kumbe kimepona!" Nikasema kimepona. Wakakirudisha kimelowa. Nikakianika siku mbili, kamba zikarudi kukaza. Kisha nikapanda nikalala. Asubuhi nikaamka. Sikufa. Nikaenda kazini.

Ukitoka huko hutarudi Vanga. Sumaiya nimemwandikia, amekubali, amelia. Kutoka hapa kwenda Mombasa kwa hizo dawa ni karibu kuliko Vanga. Utalala wewe juu ya kitanda, mimi chini. Ukitapika kuna beseni, lile la bluu, nimeziba tundu lake. Fauzia atakuja kukuogesha, na kama hutaki nikuone nikileta maji, nitaweka ndoo mlangoni.

Sijui kama hicho cha ziwani kitakwisha. Daktari hakuniahidi na mimi. Nilimuuliza mara mbili. Safari hii nilimtajia miezi yote kama ulivyoniambia, tangu baada ya mfungo sita, sikupunguza hata mmoja.

Watakukata Jumatano saa tatu. Sitakuwepo. Hesbon amenipa siku zote anazoweza kunipa, na hii ya jana ilikuwa ya mwisho. Kazi hii ikitoka hatuna nauli ya Mombasa. Ubeid ameapa atakaa nje ya mlango wa wadi, aache samaki wake kwa mtu. Mtukane ukitaka, atakuwa hapo. Wakimaliza atanipigia. Simu nitaiweka mfuko wa shati, na kama niko shimoni nitatoka.

Kula kabla hawajakukataza. Usitoe kile kitambaa cha kichwa, wadi yenu ina upepo.

Nimeshafua nguo. Kesho narudi kazini.

Mdogo wako,
Boga